Abiria hana pedeli

Nati ya kurekebishia breki ya nyuma ya pikipiki nyingi za bodaboda ipo mahali pa wazi kabisa, upande wa kulia, kwenye ncha ya rodi inayotoka kwenye pedeli hadi kwenye gurudumu. Mara nyingi haihitaji hata spana. Dereva akihisi pedeli inashuka mno, huinama, huizungusha mara mbili tatu kwa vidole, hukanyaga kujaribu, kisha huita abiria. Nusu dakika imetosha. Wiki chache baadaye huinama tena. Mwisho inafika siku ambayo uzi wa rodi umekwisha, nati imegota, na pedeli bado inashuka hadi chini.

Hapo ndipo mbinu za kijiweni huanza. Mkono wa breki hung'olewa kwenye meno yake na kurudishwa umesogezwa jino moja. Kipande cha bati la kopo hukatwa na kupachikwa kati ya kemu na kiatu cha breki. Wengine huikunja rodi kidogo ili iwe fupi. Breki inashika tena, dereva anarudi kijiweni ameridhika, na ndani ya dramu viatu ni vile vile vilivyokwisha. Kitu pekee kilichobadilika ni kwamba sasa nati haimwonyi tena.

Abiria aliyeketi nyuma hajui lolote kati ya hayo. Yeye hana pedeli. Alichonacho ni mkono mmoja ulioshika chuma cha kubebea mizigo na mwingine ulioshika mtoto au mfuko wa sokoni, na mwendo wake wote ameukabidhi kwa vipande viwili vya aluminiamu vyenye umbo la mwezi mchanga, ambavyo huenda havijaonwa na jicho la mtu tangu pikipiki itoke dukani.

Si haki kusema chanzo ni uzembe tu. Madereva wengi huendesha kwa mkataba au kwa hesabu ya kila siku. Asubuhi ambayo pikipiki imefunguliwa gurudumu ni asubuhi isiyo na hesabu, na mwenye chombo anaisubiri jioni bila kujali breki ilikuwaje. Ndiyo maana inafaa kujua kwamba kazi yenyewe ya kubadilisha viatu, kwa mtu aliyewahi kuvua gurudumu kuziba pancha, ni ya saa mbili uani kwake. Spana namba 10, 14, 17 na 19, wakati mwingine 22. Koleo, bisibisi, nyundo ya mpira au kipande cha mbao cha kugongea. Msasa wa wastani, grisi isiyoyeyuka kwa joto, matambara na beseni la maji ya sabuni. Kitu ghali cha kuongeza kwenye orodha hiyo ni seti mpya ya viatu, ambavyo mafundi huviita breki shuu, nayo ni kati ya spea za bei nafuu kwenye pikipiki nzima.

Kabla ya kushika spana, ni vyema mwenye pikipiki aelewe anachokwenda kukifungua. Breki ya dramu ni ufundi wa zamani: ile yenye viatu vinavyopanuka kwa ndani huhesabiwa kuwa kazi ya Mfaransa Louis Renault, mwaka 1902. Hata Honda CB750, pikipiki iliyoingia sokoni mwaka 1969 na kuifanya breki ya disiki kuwa kitu cha kawaida, ilipewa disiki mbele tu. Nyuma iliachiwa dramu. Sababu ni kwamba pikipiki inapofunga breki uzito hukimbilia mbele, gurudumu la nyuma hubaki jepesi, na breki kali sana pale nyuma haina faida: huliburuza tairi tu, na tairi linaloburuzika humpeleka dereva pembeni.

Bodaboda, hata hivyo, ina hesabu zake. Pikipiki ya cc 125 au 150 ina uzito wa kilo 110 hadi 130 hivi. Dereva na abiria mmoja, wote watu wazima, kwa pamoja huizidi pikipiki yenyewe kwa uzito, na abiria huyo, au gunia la mkaa, au kreti za soda, hukaa karibu kabisa na ekseli ya nyuma. Gurudumu la nyuma lililobebeshwa hivyo hushika barabara vizuri zaidi kuliko la mtu anayeendesha peke yake, na breki ya nyuma hufanya kazi kubwa kuliko ile aliyoifikiria mhandisi aliyechora pikipiki ya mtu mmoja kwenda kazini. Wapo pia madereva wanaoiogopa breki ya mbele kiasi cha kuilegeza kwa makusudi, kwa sababu waliwahi kuanguka walipoibana kwenye mchanga. Hao mzigo wote wameuhamishia nyuma, na ndio ambao viatu vyao huisha upesi.

Ndani ya dramu kuna mambo matatu. Kuna viatu viwili vinavyotazamana, vimefungwa pamoja kwa springi mbili. Kwenye ncha moja vimeegemea pini isiyosogea. Kwenye ncha nyingine, kati yao, kuna kemu: kipande cha chuma chenye pande mbili bapa, ambacho mhimili wake unatokeza nje na kushikwa na mkono wa breki. Pedeli ikikanyagwa, rodi huvuta mkono, mkono hugeuza kemu, kemu hutanua viatu, navyo husugua ukuta wa dramu inayozunguka.

Viatu hivyo havifanyi kazi sawa. Dramu inapozunguka hukivuta kiatu kimoja kukibana zaidi ukutani, kama mlango unaosukumwa na upepo ule ule unaoufunga. Hicho hushika kwa nguvu na huisha mapema. Kingine husukumwa kidogo mbali na ukuta na dramu hiyo hiyo, hivyo huchelewa kuisha. Anayefungua na kukuta kimoja chembamba kuliko mwenzake asidhani ameuziwa bidhaa mbovu. Akiona vyote vimeisha kwa kiwango kimoja lakini kila kimoja kimelika ncha moja tu, hapo ana sababu ya kuikagua kemu na beringi za gurudumu.

Kemu ndiyo inayoeleza ubaya wa mbinu za kijiweni. Viatu vikiwa vipya, inageuka kidogo tu na breki inashika. Kadiri vinavyokwisha inalazimika kugeuka zaidi, mpaka inakaribia kusimama kwa kona zake badala ya kulala kwa ubapa wake. Ikishafika hapo haina tena cha kutanua, na inaweza kugoma kurudi. Gurudumu likakwama breki ikiwa imeshika, katikati ya barabara, gari likiwa nyuma. Watengenezaji wengi, kwa kulijua hilo, huweka mshale kwenye mhimili wa kemu na alama kwenye sahani ya breki: pedeli ikikanyagwa hadi mwisho na mshale ukaifikia alama, viatu vibadilishwe. Kuusogeza mkono jino moja peke yake kunautenganisha mkono na mshale huo na kuirudisha nati mwanzo wa uzi, kwa hiyo kemu inaendelea kugeuzwa kupita mahali ilipopaswa kusimama. Bati nalo lina hatari yake: linaweza kuchomoka na kuangukia kati ya kiatu na dramu.

Kuna jambo la pembe pia, na hili hata mafundi wazuri hulipita. Nguvu ya rodi huwa kubwa zaidi pale rodi na mkono wa breki zinapokutana kwa pembe mraba. Breki iliyofungwa vizuri huikaribia pembe hiyo wakati pedeli imekanyagwa na viatu vimegusa. Mkono ukipitiliza pembe mraba, mguu unasukuma vilevile lakini sehemu ya nguvu inapotea. Mwenye pikipiki anaweza kulikagua hili bila kufungua chochote: mtu mmoja akanyage, mwingine achuchumae kulia na kutazama. Ikiwa mkono umelalia mbele kupita kiasi, jibu limepatikana. Viatu vimekwisha.

Sasa kazi yenyewe. Pikipiki huwekwa kwenye stendi kubwa, mahali tambarare, na jiwe huwekwa mbele na nyuma ya gurudumu la mbele. Habu iachwe ipoe kabisa. Picha mbili tatu za simu zipigwe kila upande kabla ya nati ya kwanza kulegezwa, hasa za bushi zilizo kushoto na kulia kwa gurudumu, kwa sababu bushi hizo hufanana lakini si sawa, na zikibadilishana nafasi gurudumu halikai katikati.

Nati ya rodi hufunguliwa kwanza. Rodi ikishachomoka, springi yake na kile kipini cha mviringo kilichopita kwenye tundu la mkono hurudishwa palepale kwenye rodi na kubanwa na nati yake. Vipande hivyo vitatu ndivyo vinavyopotelea mchangani. Kisha hufunguliwa chuma kinachoishikilia sahani ya breki isizunguke: kwenye pikipiki nyingi ni kipande chembamba kinachotoka kwenye sahani hadi kwenye mkono mkubwa wa fremu, kimefungwa kwa boliti, nati, na pini ya kukunja. Pini hiyo ya kukunja iwekwe mahali pa kukumbukwa. Itazungumziwa tena.

Baada ya hapo nati ya ekseli hulegezwa, marekebisho ya cheni hulegezwa kwa idadi sawa ya mizunguko kila upande, na ekseli hugongwa polepole kwa mbao na kuvutwa. Kwenye baadhi ya pikipiki spoketi hubaki na cheni yake. Kwenye nyingine cheni hutolewa kwanza. Gurudumu likishatoka, sahani ya breki huchomoka kwa mkono, imebeba viatu vyake.

Vumbi jeusi litakaloonekana humo lisipulizwe kwa mdomo, wala kwa pampu, wala kwa kompresa. Lainingi za breki kwa miaka mingi zilitengenezwa kwa kuchanganywa na asbesto, madini ambayo nyuzi zake husababisha saratani ya mapafu, na mnunuzi wa spea isiyo na maandishi ya kueleweka hawezi kujua ndani yake mna nini. Tambara lililoloweshwa maji ya sabuni huliondoa vumbi bila kulirusha, kisha tambara lenyewe hutupwa. Petroli, ambayo wengi huioshea kila kitu, si ya kuoshea viatu vya breki: mbali na hatari ya moto, huingia kwenye lainingi na kuacha mafuta.

Viatu hutolewa kwa kuvikunja vyote viwili pamoja kama mtu anayefunga kitabu, hadi springi zilegee. Hapo kipimo kinahitajika, si macho. Lainingi, yaani ile sehemu inayosugua bila kuhesabu aluminiamu, ikifika milimita 2 mahali popote, kiatu hicho kimekwisha. Hicho ndicho kiwango kinachoandikwa kwenye vitabu vingi vya huduma vya pikipiki ndogo. Ikiwa nene bado lakini inang'aa kama imepakwa vanishi, imechomwa na joto na ugumu wake ndio unaopunguza kushika. Msasa ukisuguliwa kwa mzunguko huuondoa mng'ao huo. Ikiwa imelowa grisi au oili, itupwe. Kuna desturi ya kuvichoma viatu vya namna hiyo kwa moto ili mafuta yaungue. Moto huo huo huiharibu gundi inayoshikilia lainingi, na lainingi iliyobanduka hujikunja ndani ya dramu na kuligotesha gurudumu. Badala ya kuchoma, atafutwe aliyeleta mafuta: mara nyingi ni oili ya cheni iliyomwagwa kwa wingi, au grisi iliyoshindiliwa kwenye beringi mpaka ikafurika.

Dramu nayo ipimwe. Kwenye habu nyingi kumeandikwa, kwa herufi zilizochomoza, kipenyo cha mwisho kinachoruhusiwa. Dramu ya milimita 110 kwa kawaida huruhusiwa kufika 111. Ya 130 huishia 131. Milimita moja inaonekana ndogo, lakini kiatu kipya kilichokatwa kwa dramu mpya kikiwekwa kwenye dramu iliyopanuka kitagusa katikati tu, na dereva atalalamika kwamba shuu mpya hazina breki. Asiye na kipimo apitishe kidole kwenye ukingo: akikuta ngazi ya kushika kucha, dramu imeliwa. Ikiwa na ufa, mjadala umekwisha na habu inabadilishwa.

Halafu kemu. Hapa panastahili muda kuliko mahali pengine popote, kwa kuwa pikipiki nyingi zinazosemwa breki mbovu zina viatu vizima na kemu iliyokauka. Maji ya masika huingia, kutu hukaa kati ya mhimili na tundu lake, na kemu huanza kugoma kurudi. Dalili yake ni dereva anayeinua pedeli kwa ncha ya mguu kila baada ya kufunga breki, tabia ambayo wengine wameizoea hata hawaioni tena. Kabla ya kuung'oa mkono, zitafutwe alama ndogo za nukta kwenye mhimili na kwenye mkono. Zisipokuwepo, msumari na nyundo vitaziweka. Mkono ukishatoka, mhimili husukumwa nje, husafishwa kutu kwa msasa laini, hufutwa na kupakwa grisi nyembamba. Grisi kidogo kwenye nyuso bapa za kemu, kidogo kwenye pini ya kuegemea, basi. Ikionekana inatoka pembeni imezidi, na ikizidi joto litaipeleka kwenye lainingi. Mkono urudi mahali alama zinapokutana, hata kama mikono inawasha kuusogeza.

Springi za viatu huonekana hazina maana, lakini ndizo zinazovirudisha. Iliyonyooka au iliyokwanguka ibadilishwe. Seti nyingi za viatu huuzwa na springi zake.

Kununua viatu ni sehemu ya ufundi. Maduka ya Kariakoo jijini Dar es Salaam na ya Kirinyaga Road jijini Nairobi yana viatu vya kila bei kwa pikipiki ile ile, na tofauti haionekani kwenye boksi. Mnunuzi anaweza kukagua mambo matatu pale kaunta. Ukingo wa mahali lainingi inapokutana na aluminiamu usiwe na mwanya wala nyufa, kucha isiingie. Ncha ya upande wa kemu iwe bapa na laini, isiwe na vinundu vya kalibu. Na viatu vyote viwili, vikiwekwa mgongo kwa mgongo, vilingane urefu na upinde. Kile cha zamani kibebwe dukani kwa kulinganisha, kwa sababu jina la pikipiki peke yake halitoshi. Aina moja inaweza kuwa ilitoka kiwandani na dramu za ukubwa tofauti kwa miaka tofauti.

Kabla ya kuvifunga vipya, kingo za lainingi, zile za mwanzo na za mwisho, zisuguliwe kwa faili mpaka zipate mlalo kidogo. Ni kazi ya dakika tano, nayo huondoa sehemu kubwa ya ule mlio wa breki unaowageuza watu shingo kituoni.

Kufunga ni kurudi nyuma kwa hatua zile zile, isipokuwa kwa jambo moja ambalo halimgharimu mtu senti na huibadilisha breki kuliko kitu chochote cha kununua. Gurudumu likisharudi na ekseli ikapita, nati ya ekseli na ya chuma cha kushikilia sahani ziachwe hazijakazwa. Rodi irudishwe. Gurudumu lizungushwe kwa mkono na pedeli ikanyagwe kwa nguvu na kushikiliwa hapo hapo. Viatu vikitanuka vikiwa na nafasi ya kucheza, hujipanga vyenyewe katikati ya dramu. Sasa, mguu ukiwa bado juu ya pedeli, nati ya ekseli ikazwe, kisha ya kile chuma. Anayefanya hivyo kwa mara ya kwanza hushangaa: pedeli iliyokuwa laini kama sponji inakuwa imara, kwa viatu vile vile.

Lakini cheni lazima iwe imeshapangwa kabla ya hapo, na huu ndio mtego wa wengi. Gurudumu linapovutwa nyuma ili kukaza cheni, linaenda pamoja na mkono wa breki, wakati rodi haijaongezeka urefu. Breki inajikaza yenyewe bila mtu kuigusa. Anayekaza cheni na kuondoka ataendesha viatu vikisugua siku nzima. Habu inachemka, mafuta yanaliwa zaidi, na lainingi inapata ule mng'ao wa vanishi. Cheni kwanza, breki baadaye, kila mara.

Chuma cha kushikilia sahani na pini yake ya kukunja vinastahili aya yao. Katika mfumo mzima wa breki hakuna kosa baya kuliko kukisahau hiki au kukifunga bila pini. Breki inaposhika, dramu hutaka kuizungusha sahani pamoja nayo. Kinachoizuia ni chuma hicho tu. Boliti ikidondoka, sahani itageuka, itaivuta rodi na kuikunja, na gurudumu litajifunga kwa nguvu ambayo mguu haukuiomba wala hauwezi kuiachia. Pini mpya ya kukunja hugharimu pesa ya peremende. Kipande cha waya si mbadala wake. Ikiwa nati ni ya aina ya kujibana yenye plastiki ndani, na plastiki hiyo imelika, nati ibadilishwe.

Marekebisho ya mwisho ni ya pedeli. Ikisukumwa kwa mkono, ncha yake ishuke milimita 20 hadi 30 kabla viatu havijagusa, kwa pikipiki nyingi. Kitabu cha pikipiki husika kikisema vingine, kifuatwe. Mchezo huo ni wa lazima. Mguu hupumzika juu ya pedeli bila dereva kujua, na abiria akipanda mkao wa gurudumu hubadilika. Nati ya rodi ina mfereji unaolalia kipini cha mviringo, hivyo hutulia kila nusu mzunguko. Ikiachwa imesimama kwenye mgongo wa kipini, itarudi mferejini kwa mtikisiko wa kwanza na mchezo utaongezeka.

Swichi ya taa ya breki hufuata. Inashikwa mwili wake kwa mkono mmoja, nati yake ikazungushwa kwa mwingine, kamwe si mwili, maana nyaya zitakatika. Taa iwake kidogo kabla breki haijashika. Dereva wa daladala aliye nyuma anaitegemea nusu sekunde hiyo: kwa kilomita 40 kwa saa, pikipiki hutembea karibu mita 11 kila sekunde.

Na wanaotaka kuiboresha? Kurefusha mkono wa breki huongeza nguvu kwa kweli, ila kwa malipo: pedeli itashuka zaidi kwa kazi ile ile, na kwenye pikipiki ambayo pedeli tayari inakaribia bomba la ekzosi, hakuna mahali pa kushukia. Kuuchomelea mkono au pedeli ni jambo la kukataa moja kwa moja, kwani joto la kuchomelea hubadilisha ugumu wa chuma na kinachovunjika huvunjika siku ya kukanyaga kwa nguvu. Maboresho yanayofaa ni ya kawaida sana: kuifungua pedeli kwenye mhimili wake na kuupaka grisi, kubadilisha springi yake iliyochoka, kunyoosha rodi iliyokunjwa na mtangulizi, na kubandika kipande cha mpira wenye matuta juu ya pedeli iliyosuguliwa ikawa laini, ili soli yenye tope isiteleze.

Kuhamia disiki ni mradi mwingine. Unahitaji habu yenye mahali pa kufungia disiki, kalipa na kishikizi chake, silinda kuu, pedeli yake na paipu, vyote vya pikipiki moja vilivyokusudiwa kufanya kazi pamoja. Anayeunganisha vipande vya pikipiki tatu atapata ama pedeli ngumu kama jiwe au gurudumu linalojifunga kwa kuguswa. Kwa aliyenunua pikipiki yenye disiki nyuma tangu dukani, kazi ya nyumbani ni kukagua pedi na mafuta ya breki. Mafuta ya DOT 4 yakiwa mapya huchemka kuanzia nyuzi 230 za Selsiasi. Yakishafyonza unyevu wa hewa kiwango kinashuka hadi kukaribia 155, na kwa pwani yenye unyevu wa Tanga au Mombasa, kuyabadilisha kila baada ya miaka miwili si anasa. Oili ya injini isiwekwe humo hata tone. Huifurisha mipira ya silinda na breki yote hufa.

Dramu nayo ina adui katika joto. Barabara ya Lushoto hadi Mombo hushuka karibu mita 1,000 katika umbali wa kilomita 30 na kitu, kona baada ya kona. Anayeteremka akiwa amekanyaga breki ya nyuma mwanzo hadi mwisho huichemsha dramu, nayo hupanuka ikivikimbia viatu, lainingi hupoteza kushika, na pedeli huzidi kushuka. Madereva wazoefu wa milima hiyo ya Usambara huteremka na gia ya pili au ya tatu, injini ikishikilia mwendo, na breki zote mbili zikitumika kwa vipindi. Kwenye maji, kama yale ya Jangwani jijini Dar es Salaam wakati wa mvua, dramu hujaa na breki hulegea ghafla; baada ya kuvuka, pedeli ikanyagwe kidogo kidogo kwa mita mia kadhaa ili viatu vikauke kabla ya kuingia penye magari.

Jaribio la kwanza hufanywa bila abiria, uwanjani au kwenye barabara ya mtaa isiyo na watu. Kilomita 10 kwa saa, kukanyaga, kusimama. Kisha 20, kisha 30. Viatu vipya havishiki vizuri siku ya kwanza kwa kuwa havijapata umbo la dramu; vinahitaji kilomita 200 hivi za kukanyagwa kwa upole. Baada ya mwendo wa dakika kumi, gurudumu liinuliwe na kuzungushwa: msuguo mwepesi wa kusikika mahali pamoja si tatizo, lakini gurudumu lisimame lenyewe polepole, lisikatike ghafla. Matone ya maji yadondoshwe kwenye habu. Yakichemka, breki imebanwa mno.

Kesho yake asubuhi, kabla ya abiria wa kwanza, spana ipite tena kwenye nati ya ekseli na kwenye kile chuma cha kushikilia sahani, na mchezo wa pedeli upimwe upya, kwa sababu viatu vipya vitakuwa vimejikalia. Kisha namba ya kilomita iliyo kwenye dashibodi iandikwe kwa rangi chini ya kiti, pamoja na tarehe, ili atakayeinama mara nyingine kuizungusha ile nati ajue viatu vilivyomo vimekwenda mbali kiasi gani.